Nilimsugua Kobe

Jumanne, Machi 5

Daktari wa presha kaniambia nisikae na mambo kifuani. Nikamwambia, daktari, nikimweleza jirani yatafika sokoni kabla yangu. Akacheka, akasema basi yaandike. Fundi kaniletea daftari hili na kalamu mbili. Mimi niliishia darasa la nne, mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, lakini mwenyewe naweza kuusoma.

Nianze na watu wa nyumba hii. Kuna mimi. Kuna mume wangu, anazibua mitaro ya mji, kazi ya miaka ishirini na mbili. Kuna binti yetu wa pekee, anatengeneza redio na simu kwenye kibanda chake karibu na stendi. Alianza kufungua redio ya baba yake ana miaka sita, watu wakamwita Fundi, na sisi tukawa Baba Fundi na Mama Fundi mpaka leo.

Halafu kuna Kobe. Kobe ni gari la rimoti, kubwa kama beseni la kufulia. Lilikuwa la kuchezea, wenye nazo wakalitupa. Fundi akalifufua, akalivisha minyororo ya mpira badala ya matairi, taa mbili, na kamera ya simu mbovu. Kazi yake ni kuingia kwenye makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayopitisha maji chini ya barabara, atazame kama kuna ufa au kuna kitu kimeziba, kabla mtu hajaingia. Zamani aliyekuwa akitangulia kuingia ni mume wangu, kwa kuwa ni mfupi na mwembamba. Mwaka juzi mwenzao mmoja aliingia kalavati la machinjioni asubuhi, wakamtoa kesho yake. Fundi alikwenda maziko, akarudi, akakaa mezani wiki sita. Akatoka na Kobe.

Kwa hiyo mtu asinishangae nikimfuta Kobe tope kila jioni na kumsemesha.

Jumamosi, Machi 9

Mvua imeanza. Nimeanika, nimeanua, nimeanika, nimeanua.

Alhamisi, Machi 14

Kobe alirudi jana amelowa mpaka tumboni. Asubuhi Fundi kamfungua, kautoa ule ubao mdogo wa kijani ulio ndani yake, anauita bodi, kauweka dirishani upate jua, kaenda kibandani. Mimi nikawa nafagia. Nikauona umeota kama ukungu kwenye vile viguu vya vidude vyake. Nikasema maskini mwanangu, anachoka, hata nafasi ya kusafisha hana. Nikachukua ule waya laini wa kusugulia masufuria, mkavu, tone la maji sikutia, mimi si mjinga. Nikausugua taratibu ukang'aa. Nikaupuliza, nikaurudisha pale pale.

Fundi aliporudi akasema, "Jua la leo limeikausha bodi vizuri sana, Mama." Nikanyamaza na raha yangu, kama mtu aliyeficha zawadi.

Ijumaa, Machi 15

Mvua. Paa la jikoni linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumatatu, Machi 18

Mume wangu karudi saa nane mchana na si saa kumi na moja, Twiga kamshika mkono. Twiga ni mwenzake wa kazi, urefu wake mlango na nusu, ndiyo maana kalavati halimwezi wala yeye haliwezi. Mume wangu kafungwa kitambaa kichwani na kitambaa kimebadilika rangi. Nilikuwa napepeta mchele, ungo ukaniponyoka.

"Shemeji, usipige kelele," Twiga akasema. "Mwenye kuonewa huruma ni kalavati. Bwana wako ana kichwa kigumu, kalitia ufa."

Simpendi Twiga. Kwake hata msiba ni mzaha.

Nikamwosha mume wangu, huku nikiuliza, na yeye anajibu nusu, Twiga anamalizia. Walikuwa kwenye kalavati la barabara kuu, lile refu kuliko yote, limebonyea katikati, hata ukiingia upande wa chini unashuka kwa kichwa kama mtu anayeingia pangoni. Kobe aliingia salama. Alipofika kama hatua kumi, taa zikazimika, minyororo ikakaza. Wakavuta kamba, kamba ikamlaza ubavu, akabana kwenye jiwe. Basi mume wangu akamfuata kwa mikono na magoti. Kamba hakufunga, maana kamba ni moja nayo imefungwa kwa Kobe. Alipokuwa anamkwamua, huko juu mvua ikakaza, maji yakaja kwa mkupuo, yakamfika kidevuni. Akainua kichwa ghafla apate pumzi. Ndiyo hicho kidonda.

"Kwa nini uliingia?" nikamuuliza.

"Ningemwacha?"

"Ni gari, Baba Fundi."

"Ni gari la mwanao."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kaja mbio kutoka kibandani na koleo bado mkononi. Akambeba Kobe kwa mikono miwili kama anabeba mgonjwa, akaenda naye mezani.

Mimi nikaingia jikoni kuchemsha maji mengine. Ule waya wa masufuria ulikuwa kwenye kisahani chake. Nikautazama. Maji yakachemka, yakamwagikia moto, na mimi bado nautazama.

Jumanne, Machi 19

Fundi hakwenda kibandani. Kapima betri, nzima. Kapima waya mmoja mmoja kwa mita yake, ile inayolia tii ikiona njia ya umeme. Kapima mota zote mbili. Kisha kaipaka bodi nzima spiriti, akaiwasha kwa betri, akainama kuitazama karibu kabisa. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kama kuna mahali pamepiga shoti patapata moto, na penye moto spiriti hukauka kwanza.

"Pamekauka wapi?"

"Pote sawasawa. Mama, huyu mzima."

Akakaza kifuniko, akamwasha. Kobe akazunguka chumba chote, akaenda mpaka miguuni kwangu akasimama. Fundi akacheka. Baba yake akacheka na kitambaa chake kichwani. Mimi nilikaa chini. Nikasema, kumbe si mimi. Nikasema mara tatu, kimoyomoyo.

Alhamisi, Machi 21

Salama. Mvua.

Jumamosi, Machi 23

Si salama. Kalavati lile lile, Kobe kafika hatua saba, kafa. Safari hii kamba ikamtoa. Walipomweka barabarani wakamtikisa, akawaka! Twiga kasema Kobe kaona kazi ni nyingi kaamua kuumwa kama watu wa ofisini.

Jumapili, Machi 24

Nimemwuliza Fundi leo, nikipunguza sauti kama nazungumza habari ya mtu mwingine, "Hivi mwanangu, bodi ikisafishwa sana inaweza kudhurika?"

Akainua kichwa. "Nani kaisafisha?"

"Hakuna. Nauliza tu."

"Mama."

"Kuuliza nako dhambi?"

Akarudi kwenye kazi yake. Niandike kwa nini nilikataa, maana humu sina wa kumdanganya. Miaka mitatu iliyopita niliosha simu ya mteja wake kwa sabuni kwa sababu ilinuka samaki. Niliisuuza mara mbili. Fundi alilia, kisha akacheka, kisha akaniambia kwa adabu, "Mama yangu, nakuomba kitu kimoja duniani, meza yangu usiiguse." Nikaapa. Sasa nimwambie niliigusa tena, na baba yake karibu azame?

Tena huenda si mimi. Gari lenyewe lilitoka jalalani. Mvua nayo inaharibu vitu. Zege lenyewe lina hila.

Jumatano, Machi 27

Kaja msimamizi wao hapa nyumbani. Watu wa mitaro wanamwita Bwana Viatu, kwa kuwa miaka yote anasimamia tope na viatu vyake havijawahi kuliona. Kavivua mlangoni, kavipanga sambamba, kaingia na soksi nyeupe.

Nikamkaribisha chai, akakataa. Akasema upande wa juu wa barabara kuu maji yamesimama, yameshakuwa bwawa. Kuna kitu kimeziba katikati ya kalavati. Barabara ikikatika, mtaa wote wa chini utachukuliwa, na mtaa wa chini ni nyumba sitini. Anataka kujua kilichoziba.

"Kobe anatengenezwa," mume wangu akasema.

"Anatengenezwa tangu lini? Mzee wangu, mimi nimekuja kwa heshima. Nakupa mpaka Jumatatu ya tarehe nane. Kidude kikiweza, vizuri. Kisipoweza, kabla yake kulikuwa na watu."

"Kulikuwa na watu," nikasema, "mmoja wao yuko makaburini."

Mume wangu akanikazia macho. Bwana Viatu akatazama soksi zake. "Najua, mama. Nilimbeba."

Akatoka, akavaa viatu vyake. Nikamtazama anavyoruka madimbwi, kama kuku. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, Machi 28

Kobe kafa hatua tisa.

Ijumaa, Machi 29

Hatua sita.

Jumatatu, Aprili 1

Mvua ya siku nne imepumzika, lakini si kwa muda wa kuanika nguo. Fundi kampeleka Kobe uani kwenye changarawe, kamwendesha mpaka betri ikaisha. Hakufa. Kamgonga bodi kwa kijiti cha mbao, tok tok tok, kila kidude, huku mota zinazunguka. Hakufa. Kamnyunyizia maji. Hakufa. Akifika kalavatini, anakufa.

"Ana wazimu," Fundi akasema. "Au mimi ndiye."

Jumatano, Aprili 3

Fundi hali. Ameyeyusha viungo vyote vya bodi akavilehemu upya, moshi wa risasi ya kulehemia umejaa nyumba nzima. Macho mekundu. Leo nilimletea uji akausukuma.

"Ni mikono yangu, Mama. Kuna mahali nililehemu vibaya tangu mwanzo. Baba angekufa kwa mkono wangu."

"Usiseme hivyo."

"Sasa niseme vipi? Nani mwingine kaigusa hii bodi zaidi yangu?"

Nilisimama pale na bakuli la uji. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kikatoka nini? "Uji utapoa." Nikaenda zangu jikoni.

Mimi ni mama wa namna gani?

Alhamisi, Aprili 4

Nimemwona mume wangu anatoa ile suruali yake ya zamani ya kuingilia kalavati, yenye viraka vya ngozi magotini. Kaipima kiunoni. "Bado inaniingia," akaniambia, anatabasamu, kama bwana harusi. Nikamwambia ivue. Akasema Mama Fundi, usiniharibie. Kidonda chake cha kichwani hakijafunga.

Yeye haogopi. Ndicho kinachoniua, kwamba haogopi. Presha imepanda, nimeiona kwenye vidole, vimevimba.

Jumamosi, Aprili 6

Niandike haraka kabla sijageuka.

Hata waliozaliwa jana wanajua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi maradhi niliyoyaficha ni yangu, na kifo kitamwumbua mwingine. Asubuhi hii nimepiga pasi nguo zote za nyumba hii, hata matambara ya kudekia. Zilipoisha nikakosa pa kujificha.

Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu siku kumi na tatu. Basi nitalifungua daftari hili pale Machi 14 nimwekee mezani juu ya bodi yake, halafu nitatoka niende kisimani. Ndoo haina haja ya maji, imejaa mvua. Nitakwenda tu.

Jumamosi hiyo hiyo

*Mama, nimesoma. Rudi nyumbani, unaloa bure. Ndoo umeisahau hapa mlangoni. F.*

Huo hapo juu ni mwandiko wake. Nimeukuta niliporudi, nami nimeuacha.

Niliingia nikiwa nimeshatayarisha maneno yote ya kupokea. Fundi hakuniinukia. Alikuwa ameishika bodi mbele ya kioo cha kukuzia.

"Ulisugua upande gani, Mama?"

"Mwanangu, nisa..."

"Baadaye. Upande gani? Wa juu huu au wa chini?"

"Wa juu. Na huku pembeni, palikuwa na ukungu mwingi."

"Ulisugua hivi au hivi?"

"Kama sufuria. Kuzungusha."

"Mkavu?"

"Mkavu kabisa, sikutia hata..."

"Asante Mungu na asante mama yangu kwa kutotia sabuni."

Akabomoa spika ya redio moja mbovu, akatoa sumaku, akaivika kipande cha karatasi nyeupe, akaipitisha juu ya bodi polepole karibu kuigusa. Akaigeuza karatasi. Kulikuwa na nywele za chuma tatu, fupi, nyembamba kuliko kope. Nikapiga mayowe kidogo.

"Tulia. Hizi ni za juu juu. Hizi hazijaua mtu." Akamchukua Kobe, akamwasha, akamwinua mkiani akaelekeza kichwa chini. Minyororo ikazunguka, ikazunguka, halafu kimya. Taa zikafa. Akamlaza sawa. Taa zikawaka. Kichwa chini, zikafa.

Akanitazama. Wiki zote hizi alikuwa akimjaribu mezani na uani, ambako ni sawasawa. Kalavati linashuka.

Tuliupata pamoja, unywele wa nne. Uko chini ya kile kidude chenye miguu mingi kinachoendesha mota. Ncha moja imenasa kwenye gundi, ncha nyingine inaning'inia kama mkia. Bodi ikilala, unalala mbali. Ikiinama, unaanguka juu ya viguu viwili ukaviunganisha, shoti, kila kitu kinakufa. Fundi alipogonga kwa kijiti hakuwahi kugonga akiwa kamwinamisha. Nani angewaza? Aliutoa kwa sindano yangu ya kushonea. Mita ikaacha kulia. Akapasafisha chini ya kile kidude kwa mswaki laini na spiriti, mara nne.

Kisha ndipo akaweka chini vyote akanikumbatia, na mimi ndipo nikalia. Alinuka risasi. "Mama," akaniambia shingoni, "wiki tatu nilikuwa nauliza bodi. Ningekuuliza wewe ningemaliza siku moja."

"Uliniuliza. Nilikataa."

"Basi kuanzia leo nitauliza kila siku, hata ukikataa."

Baba yake alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kiasi gani. Nikamwambia yote tena, kwa mdomo wangu, nimesimama. Akagusa kidonda chake. "Kumbe ni wewe uliyenipiga," akasema. "Na watu wanadhani wewe ni mpole." Halafu hakucheka. Akasema, "Jumatatu tutaona."

Jumapili, Aprili 7

Kobe kaning'inizwa kichwa chini kwenye kamba ya nguo tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, taa zake zinawaka. Watoto wa jirani wameuliza kafanya kosa gani.

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatatu, Aprili 8

Nilikwenda nao. Mume wangu alikataa, nikamwambia basi nifunge kwenye kiti. Hakunifunga.

Sijawahi kusimama kwenye mdomo wa lile kalavati. Unatoa hewa baridi kama pumzi ya mtu mgonjwa. Upande wa juu wa barabara, bwawa lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa, limefika kwenye majani ya ukingo. Malori yanapita juu yetu na ardhi inatetemeka kidogo.

Mume wangu kavaa suruali yake ya viraka. Kajikalia juu ya jiwe, kakunja mikono. Bwana Viatu kashika mwavuli. Twiga kashika kamba. Fundi kashika rimoti, na waya wa picha umeunganishwa kwenye simu, tumejazana wote kuitazama.

"Kobe, baba, usituaibishe mbele ya mgeni," Twiga akasema.

Hatua tano. Twiga anahesabu kwa mafundo ya kamba. Sita. Pale pa Ijumaa. Saba. Nane. Nilishika kanga yangu kwa meno. Tisa. Kumi. Taa zinawaka.

"Amepapita," Fundi akasema taratibu sana, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Kumi na mbili. Kumi na tano. Kwenye picha tukaona kilichoziba, godoro, godoro la mtu, limekunjwa na matawi na takataka nyuma yake. Bwana Viatu akasema, "Hilo tu? Hilo mtu analivuta na kulabu."

Mume wangu akasimama. Akaanza kuikunja mikono ya shati.

"Ngojeni," Fundi akasema. Akampandisha Kobe kidogo juu ya godoro, kichwa kikainuka, taa zikapanda kwenye paa. Paa halikuwepo. Yaani lilikuwepo, lakini limeshuka, bamba zima la zege linaning'inia kwa vyuma vyake vilivyooza, na kati ya vyuma udongo unadondoka, kidogo kidogo, kama unga unaochekechwa.

Lori likapita juu. Kwenye simu tukauona udongo unaongeza.

Nilitegemea Bwana Viatu atasema mtu anaweza kupita kando. Nilikuwa nimeshatayarisha matusi. Yeye aliutupa mwavuli, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, akateleza, akapanda tena, akakimbilia katikati ya barabara kuu anapunga koti lake, anapiga kelele hadi sauti ikakwaruza, "Simama! Simama! Rudi nyuma!" Twiga akamrushia mume wangu kamba, akakimbia upande wa pili na ule urefu wake, akasimama njiani na mikono ameitanua kama nguzo ya umeme.

Magari yakasimama. Watu wakatukana. Bwana Viatu akatukanwa mama yake, bibi yake na kabila zima, na hakuondoka.

Hata mchele wangu huchukua muda mrefu kuiva kuliko muda uliopita hapo. Ilikuja sauti kutoka chini, si kubwa, kama mtu anaweka gunia sakafuni. Kamba ikakaza mikononi mwa mume wangu mpaka ikamvuta hatua mbili. Nilimshika kiunoni. Halafu ikalegea. Picha ikawa nyeusi. Katikati ya barabara, pale magari yalipokuwa yanapita, lami ikazama taratibu kama keki mbichi, likabaki shimo la kuingia nyumba. Maji yakapata njia, yakapita hapo yakashuka na godoro lao mpaka mtoni. Mtaa wa chini walilowa mpaka magotini. Hakuna aliyekufa. Narudia kuandika: hakuna.

Fundi alikuwa anabonyeza rimoti bado. "Mbele," anasema. "Nyuma. Nyuma, Kobe." Nikamtoa vidole kimoja kimoja.

Mume wangu alikaa chini kwenye tope. Nikamwona anatetemeka, meno yanagongana, mikono ameibana kwapani isionekane. Nikachuchumaa mbele yake.

"Unaumwa?"

"Miaka ishirini na mbili, Mama Fundi," akasema. "Kila nikiingia nilikuwa najikojolea. Ndiyo maana nguo zangu nafua mwenyewe."

Na mimi nilidhani anafua kwa huruma.

Jumanne, Aprili 9

Tumelala wote watatu mpaka saa tatu asubuhi.

Jumamosi, Aprili 20

Bwana Viatu alikuja. Safari hii akakubali chai. Viatu vyake havijarudi rangi. Kasema hakuna mtu ataingizwa kalavatini kabla ya gari la rimoti, ameandika na kusaini. Twiga naye alikuwepo, kamwambia, "Bosi, ukivipaka rangi ya tope hutaona tofauti." Nikajikuta nacheka. Siku ile, waliposimama barabarani, nilimwona Twiga machozi yanamtoka na mdomo wake unaendelea kuwatania madereva. Nadhani ndivyo anavyoogopa.

Jumapili, Mei 12

Mvua imekatika. Leo siku ya nne jua linawaka.

Fundi anaunda Kobe wa pili. Kila jioni akirudi, kabla ya salamu, ananiuliza, "Mama, leo umegusa nini?" Namwambia yote. Leo nimegusa sufuria, mlango, paka wa jirani, na meza yako, nimefuta miguu yake tu, kwa kitambaa. Anakwenda kukagua hivyo hivyo. Kaninunulia mswaki laini wa kwangu, ananionyesha jinsi ya kushika bodi pembeni. Bado sijathubutu.

Ile kamba ya Kobe walipoivuta ilitoka peke yake, ncha yake imekatika. Ilikaa mwezi mzima kwenye kona ya ukumbi, inanuka tope. Leo nimeifua, nimeianika uani kwenye miti. Ilipotandazwa nikaipima kwa mikono, kutoka kifuani mpaka ncha ya vidole, tena na tena, toka fundo alipokuwa ameshika Twiga mpaka pale ilipokatika. Nikafika mwisho wake, pale Kobe alipofukiwa, nikasimama hapo. Ni karibu na mlango wa jikoni. Toka kwenye fundo la Twiga ningeweza kumwita mtu aliye hapo bila kupaza sauti.

Mume wangu akatoka na kikombe chake. "Unapima nini?"

"Sipimi."

Akaja akasimama pale pale ncha ilipo, miguu yake mitupu, akaitazama. Akaigusa.

"Bado mbichi," akasema. "Iache."

Tukaiacha.